Nimelala kwenye ngome ya mwaka 1464 huko India. Sasa nauliza: Ngome ya Amu (Lamu) nayo ifanywe hoteli?

#1 BintiMkomani

Asalaam aleikum wanajamvi. Uzi ni mrefu, mwenye kahawa yake aiweke karibu.

Kila msimu wa wageni ukidorora hapa Amu, vibarazani husikika neno lile lile: ile ngome pale Mkunguni imekaa bure, apewe mwenye pesa aifanye hoteli, vijana wapate kazi. Nimekuwa nikilisikia nikipita na kikapu changu bila kujibu. Safari hii nimepata kulala ndani ya ngome iliyofanywa hoteli kweli, basi na mimi nina la kusema.

Nilimpeleka mjomba wangu Delhi kutolewa mawe ya figo. (Mzee ni fundi wa nyumba za mawe, kwa hiyo utani mliotaka kuufanya tushaufanya sisi hospitalini, tena mbele ya daktari.) Mliowahi kupeleka wagonjwa India mwajua ilivyo: matibabu yakiisha mwambiwa msubiri tarehe ya kurudi kliniki, mwakaa chumba cha kupanga mkitazama feni. Mjomba alipopata nguvu akasema hawezi kurudi kwao bila kuona jengo moja la maana. Tukaelekezwa ngome ya Neemrana, kama kilomita 120 kutoka Delhi ukifuata njia ya Jaipur.

Ngome ile ilianzwa 1464 na watawala wa ukoo wa Chauhan. Imepandishwa kwenye ubavu wa kilima, tabaka juu ya tabaka, hata ukiwa chini huoni pa kuanzia wala pa kuishia. Ndani hakuna ukumbi mmoja mrefu wenye milango pande mbili kama hoteli zetu za barabarani. Watoka uani waingia kijinjia cha giza, wapanda ngazi, watokea baraza usiyoijua, chumba chako kiko wapi Mungu ajua. Hakuna chumba kinachofanana na mwenzake, maana walifuata jengo lilivyokuwa badala ya kulilazimisha.

Wenzangu wote wa safari walikimbilia roshani kupiga picha za bonde. Mjomba akabaki chumbani anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, sikio limeegemea jiwe. Akasogea hatua, akagonga tena. Kisha akapitisha ukucha kwenye pembe ya kidaka cha ukutani, akautazama unga uliobaki, akaulamba. "Chokaa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini. Hapo ndipo alipokaa kitandani akaagiza chai.

Sasa sikilizeni ilivyofika kuwa hoteli, kwa sababu mambo yote yako hapo. Raja wa mwisho alihama 1947, India inapata uhuru, kwa kuwa upande wa mbele ulikuwa ukiporomoka. Jengo likabaki gofu kwa miaka kama arobaini. Mwaka 1986 likanunuliwa na Aman Nath na Francis Wacziarg, huyu wa pili mzaliwa wa Ufaransa aliyechukua uraia wa India, wakaanza kulikarabati. Hoteli ilifunguliwa 1991 ikiwa na vyumba 15 tu, vingine vikaongezwa kidogokidogo. Na India jambo hili si geni. Kasri ya Rambagh huko Jaipur ilikuwa hoteli tangu 1957, ile ya ziwani Udaipur ikafuata miaka ya sitini. Maraja walibaki na majumba bila dola ya kuyaendesha, na 1971 serikali ikawafutia hata ile posho waliyokuwa wakilipwa. Mwenye jumba la vyumba mia na paa linalovuja afanyeje? Auze, afungue hoteli, au liangushwe na mvua.

Kwa hiyo Neemrana ilikuwa jumba la ukoo mmoja, ikahamwa, ikawa ya popo. Aliyelifanya hoteli hakumtoa mtu.

Ngome yetu ina habari nyingine. Ilijengwa baada ya vita vya Shela, watu wa Amu walipowashinda watu wa Pate na Wamazrui wa Mombasa, wakaogopa kulipiziwa kisasi, wakaomba himaya ya Sayyid Said wa Oman. Kazi ilianza 1813 ikamalizika 1821. Wakakaa humo askari wa Kibaluchi, Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1910, na jela ikadumu hadi 1984. Kisha ikapewa Makumbusho ya Taifa. Haikuwahi kuwa nyumba ya fulani. Na leo nani anasema imekaa bure? Maktaba imo humo. Maonyesho humo, mikutano humo, harusi humo. Pale nje chini ya miti wazee wanacheza bao na keram tangu asubuhi, na soko liko ubavuni.

Mimi napinga. Ngome ya Amu isifanywe hoteli. Lakini zile nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani zinazoanguka moja moja kwa kukosa wa kuzilala, hizo ndizo Neemrana yetu, na hakuna anayezitaja. Haya, karibuni.

#2 Kijana_wa_Langoni

Dada, uzi mzuri, lakini wewe umelala kwenye ngome, umekunywa chai kwenye ngome, umerudi watwambia sisi tusiwe nayo 😂

Maktaba yaweza kuhamishwa. Bao lachezwa popote. Mimi nina cheti cha hoteli tangu nimalize chuo na kazi niliyopata ni kubeba mizigo ya wageni kutoka gatini hadi vyumbani. 2011 waliposhikwa wale wageni na Wasomali, mji ulikufa. 2014 likaja shambulio la Mpeketoni, tukafungiwa usiku. Tukaja kuinuka, korona ikatufikia. Mtu akija na hoteli ya vyumba hamsini mimi sitamuuliza jengo lilikuwa la nani.

#3 FundiTanu

Vyumba hamsini kwenye Ngome ya Amu? Bwana mdogo umewahi kuingia ukatazama? Ile ni ua katikati, vyumba vimezunguka, ghorofa mbili. Ukitoa hata kumi vyenye choo ndani umejitahidi, na hapo umeshaliharibu jengo.

Niseme kama fundi maana nimepiga chokaa tangu utotoni. Nyumba za mawe za mwambao upana wa chumba hupimwa na boriti. Boriti ya mkoko haikupi hata mita tatu, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti lapangwa jiwe la matumbawe, juu yake chokaa na kokoto, inapigwapigwa hadi ishikane. Adui wa kitu hicho ni mmoja: maji yasiyokauka. Ukiweka bafu la mgeni ghorofani, mgeni anayeoga mara tatu kwa siku kwa kuwa Amu kuna joto, maji yatapata ufa tu. Yataenda yakakae pale kichwa cha boriti kilipoingia ukutani. Hutaona kitu. Siku moja sakafu yashuka.

Wazee walijua, ndiyo maana choo na birika viliwekwa pembeni, penye ukuta wake, na ndani ya birika wakatia visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu.

Halafu kiyoyozi. Hoteli itataka vyumba vifungwe viwe na baridi. Ukuta wa matumbawe wataka kupumua, una chumvi ndani. Ukiupaka saruji na rangi ya mafuta chumvi yatafuta pa kutokea, yaisukuma plasta yabambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Nimeitwa nyumba nyingi kuja kubandua saruji iliyotiwa na mtu aliyesema anakarabati.

Mjomba wako namjua bila kuniambia jina 😀. Mpe salamu, mwambie aache kulamba kuta za watu.

#4 BintiMkomani

Salamu zimefika, amecheka hadi akashika ubavu. Amesema na mimi niwaambie kwamba kule Neemrana jiwe lao ni la mlima, halina chumvi, na hali ya hewa ni kavu. Kwa hiyo la kule si la kuhamisha likawekwa huku hivihivi.

@Kijana_wa_Langoni mdogo wangu sikukatai. Kazi yataka kutafutwa. Ila hebu tuone wengine wasemeje.

#5 MalindiYetu

Sisi huku Malindi hatuna ngome ya kugombania. Wareno walikaa kwetu, 1593 wakahamia Mombasa kujenga Fort Jesus, wakatuachia mnara wa Vasco da Gama na kile kikanisa cha makuti. Lakini hoteli tunazo kupita kiasi, na nawaambia hivi: hoteli haileti kazi kwa sababu ni hoteli. Yategemea mwenyewe ni nani na anakula wapi. Kuna wageni wanaokuja Malindi wakalala, wakala na kunywa ndani ya geti moja wiki nzima, muuza madafu wa nje akawaona wakiingia na wakitoka tu.

Nyumba ya Nguzo hapa mjini ni jumba la zamani, imefanywa makumbusho. Watu wa shule huingia. Ingekuwa hoteli, mwanangu asingeijua ndani.

#6 Msiyu

Mwazungumza ngome moja kama kwamba visiwa hivi vina moja. Siyu, kisiwani Pate, je?

Ngome yetu iko ukingoni mwa mkondo, na wazee wetu husema ilijengwa na Wasiyu wenyewe, si Mreno wala Mwarabu. Ndiyo ngome ya akina Bwana Mataka, walioyarudisha majeshi ya Sayyid Said. Ni 1863 tu ndipo Sayyid Majid wa Unguja alipotuweza. Leo ngome imekarabatiwa lakini ukifika hukuti mtu. Hapana maktaba, hapana harusi. Mgeni akija yampasa avizie maji kujaa, chombo kipite kwenye mikoko, atazame nusu saa, apige picha, akimbilie maji yasimkauke. Hanunui hata ndara, na Siyu ndio mafundi wa ngozi.

Kwa hesabu ya dada wa uzi, ngome iliyohamwa yaruhusiwa. Basi letu ndilo hilo.

#7 BintiMkomani

@Msiyu umenibana, na nastahili. Wewe mwenyewe wataka nini? Vyumba ndani ya ngome?

#8 Msiyu

Ndani hapana. Wakija kulala ndani, tutafungiwa mlango sisi tulioujenga. Nataka nyumba nne tano za mawe zile zilizobaki kijijini zitengenezwe, mgeni alale kijijini, asubuhi aende ngomeni akakute kijana wa Siyu amtembeze na amweleze. Usiku mmoja tu akilala, atanunua samaki, atakula mkate wa mofa, ataona ndara zinavyoshonwa. Shida yetu ni hicho kipindi cha maji. Mtu asiyelala haachi kitu.

#9 Forodhani

Nawasalimu kutoka Unguja. Naomba niongeze kitu kwa sababu sisi tumeonja pande zote mbili.

Mambo Msiige, jumba la karne ya 19 pale Shangani, limefanywa hoteli, ikafunguliwa 2015. Jumba limepona, hilo lazima tuliseme. Lakini pembeni yake likainuliwa jengo jipya, UNESCO wakalalamikia ukubwa wake, na watu wa mji wanasema ule uwazi wa kuelekea pwani si kama zamani. Hoteli haiishii kwenye ukuta wa jumba la kale. Itataka jiko kubwa, stoo, jenereta, bwawa la kuogelea, vyumba zaidi ili hesabu ilipe. Hivyo vyote vitakaa wapi? Hapo ndipo pa kuuliza mapema, kabla ya karatasi kutiwa saini.

Upande wa pili, Beit al-Ajaib. Halikuwa hoteli, lilikuwa la umma, makumbusho, fahari yetu. Tarehe 25 Disemba 2020 upande mmoja ukaanguka mchana, watu wakafa. Kwa hiyo wanaosema "liwe la umma tu" nao waseme pesa ya boriti inatoka wapi kila mwaka.

Mfano ninaoupenda mimi ni Ngome Kongwe yetu, iko jirani na Beit al-Ajaib. Hakuna anayelala. Usiku kuna ngoma na sinema uwanjani, mchana maduka, mtu anakunywa chai. Mlango uko wazi, mtoto wa Darajani anakatiza.

#10 Kijana_wa_Langoni

Hiyo ya Ngome Kongwe hata mimi naikubali. Mgahawa pale juu kwenye ukuta wa ngome, jioni, unaiona bahari na mashua zikirudi… pesa hiyo.

Sema sasa mtasikia maneno ya pombe.

#11 BiMkubwa_Amu

Utayasikia na utayasikia kwangu. Hoteli ya wageni wa kulipa dola haiendeshwi na maji ya ukwaju, sote twajua. Pale misikiti iko hatua chache kila upande, na wakati wa Maulidi watu wamejaa Mkunguni hadi gatini. Huwezi kuweka baa juu ya vichwa vya wasoma kasida, ukasema ni urithi. Mgahawa wa chai na mahamri mimi mwenyewe nitakuja kupika.

Lakini lililonitoa kwenye kazi zangu nikaandika ni jingine. Mwaongea ngome ya Sayyid Said, ngome ya Wabaluchi. Sisi tuliokuwa watoto kabla ya 1984 twaijua jela. Tukipita tukienda chuoni twaona wafungwa wanatoka wamevaa kaptura nyeupe, wana mafagio, wanafagia mui (mji). Wengine walikuwa watu wa bara waliotolewa kwao hata bahari hawajapata kuiona. Ng'ambo kule Manda ndiko Mwingereza alikowaweka wafungwa wa Mau Mau kambini. Vile vyumba vya ngome vina watu wake. Wewe wataka umtandikie mgeni shuka nyeupe na maua ya asumini palepale mtu alipokuwa akihesabu miaka?

Wako wanaosema mbona jela za kwingine zimefanywa hoteli. Wafanye. Mimi singelala.

#12 FundiTanu

Bi Mkubwa umesema. Mimi nilirekebisha mlango mmoja humo ndani, kuna kuta bado zina michoro ya msumari.

#13 Mwekezaji254

Hisia nyingi sana humu. Bila pesa binafsi hizo nyumba zote zitaanguka. Huko Shela wageni walinunua magofu wakayafanya nyumba nzuri kuliko zote mwambao. Mngependa yabaki magofu?

#14 BintiMkomani

@Mwekezaji254 swali la haki. Nyumba za Shela zimepona, na mafundi kama @FundiTanu walipata kazi na hata vijana wakajifunza chokaa upya. Hilo sikatai. Lakini angalia nani aliyebaki nazo. Mwenyeji aliyeuza gofu kwa pesa iliyoonekana nyingi siku ile, leo mwanawe hawezi kununua hata ua wa jirani. Na maji: mji mzima wa Amu wanywa maji yanayochujwa na vile vilima vya mchanga vya Shela. Kila bwawa la kuogelea na kila nyumba inayosogelea vile vilima yagusa ndoo ya mama wa Langoni. Kwa hiyo gharama ya hoteli haiko kwenye karatasi ya mwekezaji peke yake.

Ninalotaka mimi ni kukodisha, si kuuza. Ukoo wenye nyumba Mkomani, ndugu kumi na wawili wa urithi wasioelewana, mmoja Jeddah, mmoja Mombasa, wawili hawasemezani. Nyumba yaanguka kwa sababu hakuna wa kutia saini, si kwa sababu hakuna pesa ya boriti. Wakikubaliana waikodishe kwa miaka kadhaa kwa masharti ya kuitengeneza, miaka ikiisha yawarudia ikiwa nzima. Mkodishaji ale faida yake, lakini daka la mlangoni na zidaka za ukutani zibaki, chokaa itumike, na kiwanda (ua wa ndani) kisiezekwe mabati.

Mji huu UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia 2001. Waliuingiza kwa sababu watu bado wanakaa ndani yake. Mkunguni pasipo wazee na watoto ni picha ya kadi tu.

#15 Kijana_wa_Langoni

Sawa dada. Ya ngome nimekuachia, tena BiMkubwa amenitia baridi na hiyo habari ya kaptura nyeupe. Ila mgahawa wa juu siuachi, nitaandika barua kwa Makumbusho, atakayetia jina aseme.

Sasa tuache maneno. Nyumba ya nyanya yangu nyuma ya soko, ghorofa ya juu imefungwa tangu nikiwa mdogo. Wenye urithi ni watatu tu na wote wako Amu. Nikitaka vyumba viwili vya wageni naanzia wapi?

#16 BiMkubwa_Amu

Mimi ni jina la kwanza kwenye hiyo barua. Andika wazi kwamba hapana pombe.

#17 FundiTanu

@Kijana_wa_Langoni anzia juu, paa kwanza. Watu hukimbilia vyumba kwa kuwa ndivyo vinavyopigwa picha, mvua ya masika ikija yawarudisha walikotoka. Chukua bisibisi nyembamba, chokoa kila kichwa cha boriti pale kinapoingia ukutani. Ikizama, hiyo boriti imekufa, itie alama ya mkaa. Usinunue mpya kabla ya kuhesabu. Tangu ile marufuku ya kukata miti ya 2018 tumejifunza kwamba boriti nzuri si kitu cha kukipata siku unayokitaka, hata walipoturuhusu tena.

Choo cha wageni kiwe tini, pale pale penye choo cha zamani. Atakayelala juu atashuka, hatakufa.

Na chokaa kizimwe kwa maji sasa, usingoje fundi afike. Chimba shimo uani, kikae humo na maji yake, kila kinavyokaa ndivyo kinavyolainika. Nitumie upana wa msana wa yuu (ule ukumbi wa ndani ulioinuka) na idadi ya boriti zilizozama, Ijumaa baada ya sala nitapita nione.

#18 Kijana_wa_Langoni

Nimechokoa tisa za upande wa soko. Nne zimezama. Naendelea na upande wa pili kesho nikitoka gatini.